Neno Lako Ndani ya Daftari Langu

Nyumba za Wahadhiri, Namba 6,
Nyuma ya Maktaba Kuu.

11 Agosti

Mpendwa mwanangu Bi Maswali,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na mkwe wangu, pamoja na huyo mjukuu wangu ambaye nimemwona kwenye picha mbili tu, na katika zote mbili amefumba macho. Hamjambo nyote? Kile kifua chako cha wakati wa baridi kimetulia? Kaka yangu, baba yako, ananiambia duka lenu la dawa limepanuka na sasa una wasaidizi wawili. Nimefurahi, ila sikushangaa. Tangu utotoni ulikuwa mtu wa kusoma yale maandishi madogo ya chini ambayo wengine tunayaruka.

Mimi ni mzima, ukiacha magoti, ambayo siku hizi yanalia kila nikiinuka kama mlango wa stoo. Baba yako naye ni mzima na ni mbishi vilevile. Mdogo wako amemnunulia miwani mpya. Anaiweka mfukoni, kisha ananilalamikia kwamba magazeti yameanza kuchapwa kwa wino hafifu.

Najua umeshangaa kupata barua nene namna hii kutoka kwangu. Kwa miaka kumi na tisa tumekuwa tukisalimiana kupitia kwa baba yako, na salamu zako huwa fupi kama maelekezo ya dawa: kutwa mara tatu, baada ya chakula. Sikulaumu. Nimechagua karatasi badala ya simu kwa sababu kwenye simu mimi nina mdomo, na ningeanza kujitetea kabla sijakueleza kosa lenyewe.

Kwanza habari. Nimestaafu. Ijumaa iliyopita walinifanyia hafla ukumbini. Mkuu wa idara, ambaye nilimfundisha mwenyewe na insha yake ya kwanza nikamrudishia imejaa wino wa kijani, alisimama akanisifu nusu saa nzima. Alisema mimi ndiye niliyezifanya hadithi za kisayansi ziheshimiwe chuoni hapa. Alitia chumvi, lakini si sana. Nilipoanza, wenzangu walikuwa wakiniuliza kama roketi yangu imeshatua, niwahi chai. Walisema hayo ni mambo ya watoto. Wanafunzi wakaniita Bibi Maroketi nikiwa sijafika hata miaka arobaini, na jina likaniganda.

Basi nimeandika vitabu saba, nimefundisha miaka thelathini na minne, nikapewa uprofesa, na kile kitabu changu cha sauti inayochelewa njiani kinasomwa mashuleni. Ukiona ninajihesabia hivi, jua ni kwa sababu ninaogopa kufika kwenye jambo lililonifanya nikuandikie.

Jumatatu nilikwenda kuondoa vitu vyangu ofisini. Unaikumbuka ofisi ile, chumba cha mwisho, dirisha halifungi, na lile kabati la chuma ambalo lazima ulipige teke chini kushoto ndipo likubali kufunguka. Tarishi wetu, mzee mwenzangu, alikuja na maboksi. Akapiga lile teke mwenyewe, akachungulia ndani, akashika kiuno.

"Profesa, makaratasi yote haya umeandika wewe?"

"Yote," nikamwambia. "Humo huwezi kukuta neno la kuazima."

Akaenda kutafuta kamba. Hata hajarudi, maneno yangu yalikuwa yameshanirudi.

Unaujua utaratibu wangu wa madaftari, maana niliuhubiri kila mwaka mpaka wanafunzi wakawa wananiigiza. Daftari jekundu lilikuwa la maneno ya wanafunzi. Mwanafunzi akisema jambo zuri darasani, naliandika humo, na jina lake na tarehe, ili lisije likapenya kwenye kitabu changu bila mimi kujua. Daftari la buluu lilikuwa la mawazo yangu. Kilichomo humo nilikuwa huru kukitumia nitakavyo. Nilijivunia sana sheria hiyo. Sikuwahi kujiuliza maneno ya watu wa nyumbani yanakaa daftari gani.

Chini kabisa ya kabati nilikuta daftari la buluu la mwaka ule aliofariki mama yako. Nilikaa sakafuni, magoti yakilalamika, nikalifungua kwa ajili yake, wifi yangu, nione kama nilikuwa nimeandika chochote kumhusu. Siku ya mazishi ndipo nilipohamia kwenu, unakumbuka, nikakaa miaka sita. Nikakuta maneno haya, kwa mwandiko wangu, siku ya nne baada ya kumzika:

"Bi Maswali hataki kutoka kwenye kiti cha jikoni tangu asubuhi. Nimemwita aje kula, amekataa. Anasema labda hewa ya humu ni nzito, na sauti ya mama yake inakwenda polepole, kwa hiyo bado iko njiani. Anasema akiondoka itapita isimkute."

Ulikuwa na miaka tisa.

Nilisoma mara tatu. Tarishi aliporudi alinikuta bado niko sakafuni, akadhani nimeanguka, akataka kuita watu. Nilimwambia nimechoka tu, aniache kidogo.

Wewe hukuhitaji daftari kulijua hilo, lakini acha niliseme mwenyewe. Miaka mitatu baada ya siku ile niliandika kile kitabu. Sayari yenye hewa nzito, ambako neno linachukua miaka kuvuka chumba. Mhandisi anayekataa kuhama kituoni kwake kwa sababu anasubiri amri ya nahodha aliyekwisha kufa. Mara ngapi nimeulizwa, redioni na kwenye makongamano, wazo lile nililipata wapi! Nilikuwa na jibu langu tayari: nilikuwa naosha vyombo, nikasikia redio ya jirani ikitangaza nyuma kidogo ya redio yetu. Watu walilipenda jibu hilo. Nami nililiamini, mwanangu. Sikuwa nadanganya. Nilikuwa nimesahau kabisa, kama mtu anavyosahau alikoweka ufunguo.

Sidhani kwamba kusahau ni nafuu. Nimelizungusha kichwani wiki nzima na kila nikiligeuza naona ni vibaya zaidi. Ulikisoma kile kitabu ukiwa na miaka kumi na minne, ukakirudisha mezani kwangu, ukasimama pale kama unasubiri kitu. Nilidhani hukukipenda, nikanuna siku mbili.

Halafu ukaja chuoni, ukajiandikisha katika darasa langu, ukanikabidhi hadithi ya kurasa kumi na mbili. Msichana hataki kuondoka kwenye kiti cha jikoni kwa sababu sauti ya mama yake haijafika. Nilipofika katikati damu ilinipanda. Niliona umechukua hewa yangu nzito, ukamtoa nahodha, ukamweka mama. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba mimi ndiye niliyemtoa mama nikamweka nahodha.

Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine, ningekuita ofisini nikuulize kwa utaratibu. Lakini ulikuwa damu yangu, na chuo kizima kilijua. Nilichoogopa ni watu kusema kwamba Bibi Maroketi anabeba ndugu zake. Kwa hiyo nikakupeleka mbele ya kamati, nikasimama mimi mwenyewe kukushtaki kwa wizi wa maandishi. Yule mwalimu wa ushairi, mpole, mwenye kikohozi, alinivuta pembeni akaniambia, "Mwache aandike nyingine yaishe. Mtoto huyu hana sura ya mwizi." Nikamjibu kwamba sheria haina shangazi. Jibu lile lilinifurahisha mno, hata jioni nikalirudia kwa wenzangu wa idara.

Wewe ulisema mara moja tu. Ulinitazama ukasema, "Shangazi, hii ni yangu. Unajua." Nikasema mbele ya wote kwamba sijui lolote. Ukanyamaza, na mimi nikauhesabu ukimya wako kuwa ni kukiri. Wakakupa sifuri, wakaandika neno udanganyifu kwenye rekodi yako, wakakuambia urudie mwaka. Wiki ile ile ukafunga sanduku.

Leo ndiyo nimeelewa uliona nini mle chumbani. Ulimwona shangazi yako, aliyekuwepo jikoni siku ile, anakukana huku anajua. Umeishi miaka kumi na tisa na picha hiyo, na hukumwambia hata baba yako. Nimemuuliza. Hajui chochote. Anadhani uliona tu kwamba kazi ya dawa ina maana zaidi kuliko maroketi. Ananiambia pia kwamba huandiki tena hadithi, na hata barua zako kwake huziandika kwa namba, moja, mbili, tatu. Hilo liliniuma kuliko yote.

Jumanne nilikwenda kwa msajili. Ni mama mmoja mstaarabu sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Profesa, mambo ya miaka kumi na tisa, na wewe umeshapumzika. Kwa nini usiyaache yalale?" Nikamwambia yamelala vya kutosha. Akatuma faili lako liletwe. Hadithi yako bado imo, imebanwa na pini iliyoota kutu. Nikaisoma palepale kwenye kiti cha wageni. Ukurasa wa tatu nilikuwa nimetia alama ya vema mara mbili, kabla sijaanza kukasirika. Ni nzuri kuliko kitabu changu, na nasema hivyo kama mwalimu, si kama shangazi. Mhandisi wangu anasubiri amri. Msichana wako alikuwa anamsubiri mtu.

Nimeandika maelezo yangu na kutia saini. Nimesema wazi wazo lilikuwa la nani, lilitamkwa lini na nilikufanyia nini. Kamati inakaa tarehe ishirini na nane, na msajili amenihakikishia kwamba neno lile litafutwa kwenye rekodi yako. Kitabu kile ndicho kilichonipa uprofesa, kwa hiyo huenda nao wakauangalia upya. Wakiuchukua, wauchukue. Mchapishaji nimemwambia asimamishe toleo jipya. Ukitaka jina lako liwekwe juu ya langu, litawekwa. Ukitaka kitabu kisichapwe tena, hakitachapwa. Usinionee huruma, na tafadhali usikubali jambo lolote kwa sababu ya uzee wangu.

Hakuna kamati itakayokurudishia miaka yako, wala zile hadithi ambazo hukuziandika. Nalijua hilo na linaninyima raha. Naomba radhi, mwanangu. Kunisamehe au kutonisamehe ni juu yako peke yako, na sitamtuma baba yako aje akubembeleze. Wala yeye sijamweleza bado. Nilitaka ujue wewe kwanza.

Nisalimie mkwe wangu, na umwambie nakumbuka aliwahi kunitumia dawa ya magoti bila kujitambulisha. Nilikitambua kibandiko cha duka lenu na nikaona haya kushukuru. Mbusu mjukuu wangu. Mdogo wako anakusalimu sana. Baba yako anakusalimu pia na anaomba picha nyingine, mtoto akiwa macho safari hii.

Ndani ya bahasha utakuta ule ukurasa wenyewe. Kamati nimewapa nakala. Huu ni wako. Ukiusoma utaona kuna maneno ambayo hapo juu sikuyanakili, kwa sababu nilishindwa. Chini ya yale uliyosema kuhusu sauti, nimeandika kwamba ulinishika gauni ukaniuliza, "Shangazi, ikifika, nitajua kwamba ni yake?" Nimeliandika swali lako vizuri kabisa, na saa pembeni. Nimefungua ukurasa unaofuata, na unaofuata, mpaka mwisho wa daftari, nione nilikujibu nini. Hakuna jibu. Ulikuwa umenishika gauni, mwanangu, na mimi nilikuwa natafuta kalamu.

Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako.

Wako akupendaye na aliyekukosea,

Shangazi