Mfupa Wangu Siuleti

Mwisenge, Musoma

Kaka yangu Mniko,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo hapo Butiama? Wifi Selestina kifua kimepoa? Mimi nyonga mpya imekubali, namshukuru Mungu. Jumapili nilisimama misa nzima bila kushikwa.

Binti yangu Flora amenifikishia maneno yako: “Mwambie mama yako asikanyage kwangu bila huo mfupa waliomtoa. Mtu wa kwetu hazikwi nusu.”

Kaka, mfupa siuleti. Daktari wa utafiti aliniomba wabaki nao, wachunguze kwa nini nyonga zinalika namna ile. Akasema hata nikikataa nitatibiwa vilevile. Nilikubali mwenyewe, kwa akili zangu timamu, wala sikuhitaji kikao cha ukoo. Mama alikuwaga anatambaa kwenda kuota jua, na sisi tukasema karogwa. Tulimsaidia nini? Na wewe nasikia siku hizi unaingia zizini na fimbo mbili, ukiulizwa unasema ni baridi.

Siku ya ufufuo Mungu hatashindwa kukiona kipande changu, hata kiwe kwenye friji Mwanza.

Pasaka nakuja kwa miguu yangu, mikono mitupu. Ukifunga lango nitakaa hapo nje, majirani wanione.

Daktari anataka kumwona na ndugu wa damu. Nimemtajia wewe. Nijibu upesi: tutakwenda wote, au nimwambie kaka yangu anaogopa?

Dada yako akupendaye,
Nyangi