Uzi wa Sura ya Mwisho

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 14, baada ya ibada.

Mpendwa mdogo wangu Redio,

Amani ya Bwana iwe nawe huko uliko. Hujambo? Mgongo je? Na macho, bado unachomelea vyuma bila miwani eti inakutoa jasho? Wifi yangu na yule binti yenu wa meno mawili, natumaini wanalala na kuamka salama. Sisi huku tunapumua. Mama mdogo analalamikia magoti, mimi mikono imechubuka kwa sabuni za kule hotelini tunakofua mashuka, lakini chakula kinapita kooni, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Barua yako imefika Jumatano. Nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye lile swali lako naikunja. Umeuliza kama Mama alikipenda kile kitabu ulichomtumia kwa kusoma jalada tu, na alisema nini alipojua nani alichoma kanisa la kwenye hadithi. Siku ya mazishi nilikwambia kwenye simu kwamba alikimaliza na akafurahi. Nilikudanganya. Ulikuwa unalia, mimi ninalia, watu wamejaa sebuleni, na uongo ule ukanitoka kabla sijaufikiria.

Sasa kaa chini nikueleze.

Kifurushi kilipofika, Mama alikifungua mwenyewe kwa mkasi wake. Aliposikia ni hadithi ya mapenzi ya zamani za misheni, watu wanasafiri kwa mikokoteni ya ng'ombe, msichana ni binti wa mpiga kengele na mchumba wake anachapa vitabu vya nyimbo, alikibusu. Halafu akafanya kama anavyofanya siku zote. Alifungua sura ya mwisho, akatia uzi mweusi kwenye sindano, akazishona kurasa zake zote pamoja ukingoni, mshono wa bandi mrefu ulionyooka. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu.

Unajua vizuri sheria ile ilitungwa kwa ajili ya nani. Ulikuwa na miaka minane, ukachungulia mwisho wa kitabu cha watu, ukaja kuutangaza mezani mbele ya wote, mdomo umejaa chakula. Mama akakuita Redio siku hiyo hiyo. Tangu hapo hakuna kitabu kilichoingia nyumba hii bila kushonwa mwisho, na uzi haukatwi mpaka msomaji aufikie kihalali.

Mwezi uliofuata macho yake yakafifia kabisa, ukungu ule ukafunika yote mawili. Tabibu akasema hawezi kumpasua macho wakati moyo uko katika hali ile, umevimba na umechoka. Miguu ilikuwa imejaa maji, ukiigusa kidole kinaacha shimo. Kwa hiyo nikawa namsomea mimi. Nikitoka kazini, saa tisa alasiri, naketi kwenye kiti cha cherehani, yeye dirishani, miguu juu ya mto. Sura moja, akiwa na nguvu sura mbili.

Redio, nilikuwa nimesahau raha ya kubishana na mama yako! Siku tatu kabla ya ndoa kanisa linateketea, mchapaji anafungwa kwa sababu mafuta ya taa yamekutwa kiwandani kwake, na msichana anaapa mbele ya msalaba kwamba atamsubiri hata akizeeka. Mimi nikasema mapema kabisa, aliyechoma ni daktari wa misheni. Mpole mno yule, na anamletea msichana maua wala hajaombwa. Mama akaja juu. Akasema daktari ana mikono safi, mwenye hatia ni katekista, kwa sababu mtu anayesali kirefu hivyo ana jambo la kuficha.

"Mikono yake ni safi kwa sababu anainawa, Mama."

"Wewe hujui watu. Unajua mashuka tu."

Wiki sita tulikuwa hivyo. Kila nikilifikia jina la daktari nilikuwa nanyamaza kidogo, nampa nafasi abishe, naye hakuniangusha hata siku moja. Tukawekeana nadhiri kwamba atakayeshindwa atatamka kwa mdomo wake, "Umeshinda." Unamjua Mama. Marehemu baba aliishi naye miaka thelathini na moja na neno hilo hakulisikia.

Ile Alhamisi alikuwa vibaya. Alipumua kwa mabega. Tulikuwa tumemaliza sura ya ishirini na saba, mwisho ni ya thelathini. Akanyoosha mkono akapapasa kitabu mapajani mwangu, akaushika ule uzi.

"Kata," akasema.

"Bado sura mbili kabla yake, Mama."

"Nimesema kata."

Nikacheka. Nilikuwa nimechoka, mdogo wangu, nimepiga pasi tangu asubuhi, nikaona ni utani wetu ule ule. Nikamwambia sheria ni ya kwake, na kama anaogopa kushindwa aseme. Akanigeuzia yale macho meupe, akanitazama kama anayeona. Kisha akasema, "Haya. Kesho."

Ijumaa nilitoka kazini saa nane nikapita kumnunulia ndizi mbivu. Nilipoingia, Mama mdogo alikuwa jikoni anachuja uji. Mama alikuwa dirishani, kitabu mapajani, kidole gumba kimepachikwa chini ya uzi. Alikuwa bado ana joto.

Hilo ndilo nililokuficha. Ombi la mwisho la mama yetu lilikuwa kukata uzi, na mimi nikamkatalia kwa sababu ya mzaha. Wiki tano nimebeba hilo. Naloweka mashuka nalifikiria, naimba kanisani nalifikiria. Mchungaji alihubiri habari za rehema nikatoka nje nikajifanya nakohoa. Nilijichukia, na sipunguzi neno.

Leo baada ya ibada nikajikaza. Nikachukua kile kimkasi chake cha nyuzi, nikaketi dirishani kwenye mwanga, nikasema liwalo na liwe. Nilipoukunjua ukingo nikaona kitu ambacho wewe usingekiona, lakini mimi nimelelewa chini ya cherehani. Matundu yalikuwa safu mbili. Safu ya kwanza imenyooka, nafasi sawasawa, na haina uzi. Kwenye tundu moja kimebaki kijiuzi cheusi. Safu ya pili inapanda na kushuka, imepotea njia, na uzi uliomo ni wa bluu iliyoiva, pasipo mwanga ungedhani mweusi.

Mama alikuwa amefumua akashona tena, gizani mwa macho yake.

Nikamwita Mama mdogo nikamwonyesha. Akafuta mikono kwenye kanga muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Alinilisha kiapo nisiseme," akaniambia. "Ni ile siku tuliyotoka kwa tabibu mara ya pili. Aliogopa hatafika mwisho. Nikamsomea mimi sura yenyewe, na unajua ninavyosoma, naungaunga kama mtoto. Alicheka mpaka nikamshika kifua. Halafu akataka sindano. Nikamwambia uzi aliochukua si mweusi, akaniuliza mwenye nyumba hii ni nani."

"Alicheka nini?"

"Alisema mtoto amepatia tangu siku ya kwanza. Nisikwambie, ungeacha kubisha."

Kwa dakika chache nilifurahi, nisikufiche. Nilimshika Mama mdogo tukalia, nikasema kumbe alikimaliza, kumbe nilichokwambia kwenye simu ni kweli. Mara hiyo ya pili kwa tabibu ilikuwa katika wiki ya pili ya kusoma. Kwa hiyo wiki nne nzima Mama alimtetea daktari huku akijua ni mwongo, alimtukana katekista wa watu asiye na kosa, ili mimi nipate sababu ya kutoka kazini mbio.

Halafu nikaikumbuka Alhamisi, nikakaa chini.

Hakuwa anaomba kuambiwa mwisho. Mwisho alikuwa nao. Alitaka niukate uzi yeye akiwepo, nilisome lile jina, aniambie "Umeshinda." Alikuwa na neno moja tu la kunipa, ambalo hajampa mtu maisha yake yote, nami nikamwambia asubiri.

Nikaukata uzi, nikasoma kwa sauti, kwanza zile sura mbili kisha ya mwisho, peke yangu kwenye kiti cha cherehani. Nilipofika kwenye jina la daktari nikanyamaza kwa mazoea, nikasubiri abishe. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Nikaendelea mpaka wale wawili wakafunga ndoa kwenye kanisa lisilo na paa.

Kitabu nakutumia pamoja na barua hii. Sikukishona tena. Mwisho nimeshakuharibia, safari hii Redio ni mimi, unisamehe. Kisome hivyo hivyo, taratibu, halafu uniandikie kwamba nimekosea, kwamba aliyechoma ni katekista. Tafuta sababu. Nibishie, mdogo wangu, na usikubali upesi.

Nisalimie wifi, na huyo binti mbusu kwenye meno yake mawili. Baba mkubwa anakusalimu, anasema koti ulilomtumia linambana kwapani lakini hatalirudisha. Mama mdogo anakuombea kila asubuhi kwa sauti ya kuamsha majirani. Mungu aliyempokea mama yetu akulinde na moto wa kazini, akutunzie macho yako, na akulete siku moja uketi dirishani hapa.

Ni mimi ninayekupenda tangu ulipokuwa huna jino,
Dada yako.