Maneno ya Kuzaa

Tukuyu, 9 Juni 1954

Kaka Sedekia,

Salamu huko Iringa. Mahindi yamekomaa, mama bado anakohoa.

Kitabu chenu cha maneno ya Kinyakyusa kimefika. Mzungu wenu anayekiandika alipokwama kufasiri vitenzi vya Kiingereza cha kale cha Biblia, vile vya kuzaa, kuchipua na kutotoa, ulinijia mimi mkunga. Nilikutajia maneno yetu yote ya Kinyakyusa kwa siku tatu, maziwa yakinichuruzika na mwanangu nimetoka kumzika. Leo ukurasa wa kwanza unamshukuru Sedekia peke yake.

Neno moja nilikuficha, lile tunalonong'onezana wakunga mtoto akitoka hana pumzi. Hilo kalizae mwenyewe.

Ni mimi dada yako, ambaye hakutajwa,
Sekela