Friza Tatu na Deni Lile Lile

Shangazi Borghild mpendwa,

Nishike mkono maana nazama, na ninachozama ndani yake ni bekoni. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee hapa Gjøvik, nimeolewa na Oddvar (si jina lake, ila akisoma atajijua) mwaka wa ishirini na nne sasa, watoto wameshahama, hatugombani, hatulewi, na ningekuambia huyu ni mume asiye na kasoro kama nisingekuwa nalala ubavuni mwa friza.

Nianze mwanzo. Baba yangu alipofariki mwaka juzi alituachia mimi na dada yangu Ingfrid nyumba yake ndogo ya mbao kule mlimani, haina maji ya bomba, choo kiko nje, lakini kila msumari aliupiga yeye kwa mkono wake, na Ingfrid anasema amechoka kuchota theluji ili apate maji ya kuoshea vyombo, anataka tuuze, na mnunuzi yupo, daktari wa meno kutoka Oslo, ameshakuja mpaka kupima mahali pa kuweka beseni kubwa la maji moto la kuogea nje, Shangazi, beseni la maji moto pale baba alipokuwa akichanja kuni! Nikamwomba Ingfrid nusu yake aniuzie mimi, akakubali, akanipa muda hadi mwisho wa Juni, nikaenda benki, na benki wakasema watanikopesha bila taabu ila kwanza tumalize deni la kukarabati jiko na la boti, jumla yake krone elfu tisini na sita, lisibaki hata thumni.

Basi Januari tukakaa mezani na Oddvar, kahawa, karatasi na kalamu, tukapitia matumizi ya nyumba moja moja, mshahara wake, mshahara wangu, umeme, bima, tukafuta chaneli za televisheni, tukafuta msusi wangu, ndiyo maana nywele zangu ziko kama zilivyo, na tukaona tunaweza kulipa elfu kumi na sita kila mwezi, miezi sita deni kwisha. Tukapeana mikono kama wafanyabiashara. Ningekufa siku ile ningekufa na furaha. Halafu Oddvar akagonga karatasi kwa kidole akasema, "Ila hapa kwenye chakula ndipo tunapovuja, mke wangu. Bei ya nyama ya nchi hii ni wizi wa mchana kweupe. Kuanzia leo tunanunulia Uswidi."

Tangu hapo, kila Jumamosi ya pili tunavuka mpaka, mwendo wa saa mbili na nusu kwenda na saa mbili na nusu kurudi, na kwa kuwa forodha wanaruhusu kila mtu kilo kumi za nyama na jibini, imebidi tumchukue na mama mkwe, ana miaka themanini na minne.

"Mama, vaa koti, tunaondoka," Oddvar anamwambia.

"Leo naenda kama mtu au kama kilo kumi?"

"Kama kilo kumi, mama. Lakini utakula mkate wa kamba wa baharini."

"Ungesema mapema. Subiri nivae meno."

Tumekwenda mara saba. Petroli, ushuru wa barabara na mikate mitatu ya kamba vinakula elfu moja na mia nne kila safari, ila hizo Oddvar haziandiki, anasema hayo ni matembezi. Anachoandika ni hiki: ana daftari lenye safu mbili, kushoto "Tulichotumia", kulia "Tulichookoa". Pakiti ya bekoni hapa kwetu ni krone sitini, kule thelathini na tano, basi anaandika kulia ishirini na tano, na mimi sikuwa na neno mpaka nilipoona kwamba mwisho wa mwezi anaichukua ile safu ya kulia na kuijumlisha na mishahara yetu.

Nikamwambia, "Oddvar, hiyo si pesa."

"Si pesa? Ungenunua hapa ungelipa sitini. Umelipa sitini?"

"Sikulipa."

"Haya. Hizo ishirini na tano ziko wapi?"

"Sijui, ziko wapi?"

"Si ndizo hizi hapa! Tumeziokoa!" Akanionyesha daftari.

Kwa mujibu wa daftari tumeshaokoa elfu ishirini na saba. Kwa pesa hizo ambazo hazipo amenunua friza ya pili kwa elfu nne, ilikuwa kwenye punguzo, kwa hiyo akaandika kulia tena, halafu ya tatu kwa bei hiyo hiyo, ikaingizwa chumbani kwetu, upande wangu, maana kwenye chumba cha chini, zilipo zile mbili, hakuna tundu la umeme lililobaki. Nimeweka juu yake taa na miwani. Inanguruma, ikifika mahali inatikisika, miwani inaanguka. Na sasa anataka marejesho yetu ya kodi, yangu na yake elfu ishirini na moja, yanunue tela, ili, nanukuu, "tuokoe kwa wingi".

Sasa sikiliza nisilowahi kumwambia mtu, hata Ingfrid. Februari nilipoona salio la deni limekaa pale pale, nikaanza kuchukua bekoni, pakiti sita kwenye mkoba, mara tatu kwa wiki, nikawauzia wenzangu kazini krone thelathini kwa pakiti, kwani nani atalipa bei ya dukani kwa nyama inayotoka kwenye mkoba wa mwenzake, na pesa nikazipeleka moja kwa moja kwenye deni. Nimeuza pakiti mia mbili, elfu sita, nikajiona mjanja kuliko wote. Lakini Oddvar kila Jumatatu anafungua friza, anaangalia, anaifunga polepole, na safari inayofuata anarudi na nyingi zaidi. Nikiuza zaidi, analeta zaidi. Jumamosi iliyopita hakununua hata jibini, ilikuwa bekoni tupu, na njiani akanipigapiga goti akasema, "Kula, mke wangu. Usijibane." Nikageukia dirishani nikalia.

Aprili inakwisha. Tulitakiwa tuwe tumelipa elfu sitini na nne na tumelipa thelathini na moja. Daktari wa meno amemtumia Ingfrid mchoro wa beseni. Nimwambie Oddvar ukweli au ninyamaze? Nikimwambia nitamvunja moyo, analipenda lile daftari kama mtoto, au vibaya zaidi atasema ni wazo zuri na kunifungulia duka. Sitaki kumpoteza mume, na sitaki nyumba ya baba iende kwa mtu wa meno. Niambie la kufanya.

Mimi, Kilo Kumi, Gjøvik


SHANGAZI BORGHILD ANAJIBU

Bibie Kilo Kumi,

Pole sana. Pokea pole hiyo vizuri maana sina nyingine.

Umeniandikia kurasa nne kumsema mumeo anayehesabu pesa zisizokuwepo. Nyani haoni kundule. Pakiti aliyoinunua kwa thelathini na tano wewe unaiuza thelathini, unakula hasara ya krone tano kila pakiti, unaificha hasara yenyewe, kisha unajiona mjanja. Pakiti mia mbili ni hasara ya elfu moja, na petroli sijaigusa. Nina miaka sitini na tisa, sijawahi kusikia mtu anayefanya magendo kwa hasara. Na ni magendo, usiniangalie hivyo: nyama ile forodha wameiruhusu iishie matumboni mwenu, hawakuiruhusu iende kazini kwako ndani ya mkoba. Acha leo. Ukibakiwa na pakiti kwenye mkoba, irudishe ilikotoka.

Mumeo naye ana lake. Pesa usiyoitumia ni pesa uliyokuwa nayo tangu asubuhi, haijazaa mtoto. Mtu hawezi kulipa deni kwa bei ya kitu ambacho hakukinunua. Mwambie aende benki na lile daftari, amwombe karani apokee safu ya kulia, aone atakavyoangaliwa.

Sasa kaa kitako, maana kuna jambo hulijui.

Wiki tatu zilizopita nilipokea barua kutoka Gjøvik, ya mwanamume. Niliiona mzaha wa wanafunzi nikaitia kwenye kapu la mizaha, na kwa hilo naomba radhi, nilikosea. Nilipomaliza kusoma yako nilipiga magoti kwenye zulia la ofisi nikaichakura kapuni. Anasema hivi:

"Shangazi, mke wangu anakula bekoni kwa siri. Kilo saba kwa wiki, kwa hesabu zangu, na mimi katika hesabu si mtu wa kubahatisha. Hanenepi, na hilo ndilo linalonitisha. Alifiwa na baba yake na hakulia vya kutosha, nadhani ni majonzi yanatokea huko. Sithubutu kumuuliza, ni mwanamke mwenye haya, nisije nikamuaibisha. Mimi tangu Machi nimetaka tuache hizi safari, deni naliona halisogei, mgongo unaniuma, na mama siku hizi anadai mikate miwili. Lakini nikiacha, mke wangu atakula nini? Nimeamua kununua tela. Je, nafanya vyema? Ni mimi, Mwenye Friza Tatu."

Umesoma vizuri? Rudia pale penye Machi.

Mwanamume huyu angeacha tangu Machi. Anavuka mpaka na mgongo mbovu kwa kuwa anaamini mke wake anakula bekoni kwa majonzi ya kufiwa. Wewe unauza ili ulipe deni, yeye ananunua ili usife njaa, na deni limekaa katikati yenu linanenepa kwa niaba yako. Nilicheka mpaka mwenzangu wa ukurasa wa hali ya hewa akaja kuniuliza kulikoni, halafu nikashindwa kumweleza kwa sababu machozi yalikuwa yameanza kuja ya aina nyingine. Ninyi mnapendana, wajinga wakubwa. Mmepeana mikono Januari, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia mwenzake neno moja la kweli.

Haya, kalamu. Mmebakiwa na deni la elfu sitini na tano, na mishahara ya miezi miwili kabla ya mwisho wa Juni. Mshahara wa Mei toeni elfu kumi na sita siku ile ile unapoingia, kabla hata ya kununua maziwa, na wa Juni vivyo hivyo. Hizo ni thelathini na mbili. Marejesho ya kodi, elfu ishirini na moja, yaende yote kwenye deni, na neno tela lisitamkwe tena nyumbani kwenu. Tumefika hamsini na tatu. Friza mbili mpya ziuzwe, ya chumbani ikitangulia. Kwa bei ya haraka zitawapa elfu nne. Na chakula mnacho: mna nyama ya kulisha kikosi cha jeshi, basi kuleni hiyo, nunueni viazi, mkate na mboga tu, mtabakiza elfu nne kila mwezi. Jumlisha. Ni sitini na tano kamili. Safari ambazo hamtakwenda sikuzihesabu, na unajua kwa nini.

Utaichukia bekoni kufikia Juni. Ichukie, lakini uile.

Ingfrid mpigie simu kesho, mwambie pesa yake inakuja na tarehe yake umpe. Mtu aliyeahidiwa akinyamaziwa huanza kumsikiliza daktari wa meno. Mama mkwe msimwache nyumbani Jumamosi. Bibi aliyezoea kutolewa akifungiwa ndani atawapigia simu saa nzima. Mpelekeni msituni na chupa ya kahawa na mkate mmoja wa kamba uliotengenezwa na wewe. Aende kama mtu.

Na Oddvar usimdhihaki kwa lile daftari, hata kidogo. Mchukulie kalamu, mfute safu ya kulia pamoja, na juu ya ukurasa mpya aandike deni limebaki kiasi gani, kila Ijumaa, kwa mkono wake. Mtu anayependa kuandika namba mpe namba ya kweli, atailinda kama alivyokuwa akikulinda wewe.

Ulikuwa unauliza umwambie au unyamaze. Najua watu wa mji wako wanavyosoma gazeti hili: moja mezani, mume ana kurasa za michezo, mke ana huu. Maana yake sasa hivi, unaposoma mstari huu, Mwenye Friza Tatu amekaa mbele yako na matokeo ya mpira, na akimaliza atanyoosha mkono aombe ukurasa wangu. Una dakika tano. Ukurasa huu usimpe. Ukunje, uweke chini ya kikombe, umwangalie usoni, na uanze na maneno haya: "Oddvar, ile bekoni mimi sikuwa naila."