Kisu Nimeondoka Nacho

Baba Watoto na wanangu,

Maharage yako tayari jikoni, yapasheni tu. Nguo zianueni kabla mvua haijanyesha. Dada yako anarudi kula jioni, kwa hiyo mwandalie vizuri.

Kisu changu msikitafute. Nimeondoka nacho, kama jambazi. Si ndivyo ulivyomwambia dada yako asubuhi, Baba Watoto? "Wifi yako anatembea na kisu cha kuwindia hata sokoni. Mimi nalala macho, nisije nikachinjwa kama kuku!" Mkacheka wote. Na hawa niliowazaa mwenyewe, chai ikawatoka puani.

Na mkate mliokuwa mnautafuna, niliukata kwa kisu gani? Cha jikoni hakikati hata nyanya. Mimi ni fundi makochi. Kile cha kukunja kisipokuwa mfukoni, sichani ngozi wala sikati kamba. Na nyinyi hapo nyumbani hamfungui hata kopo la maziwa bila kuniita: "Mama, lete kisu!"

~~Nitarudi mapema, tuyamalize.~~ Nitarudi nikipenda.

Cha jikoni na mkasi nimevipeleka vikanolewe. Ile sufuria ya maharage nimeifunga na mfuniko wake kwa uzi wa makochi, ule wa nta, na fundo ni lile lile ninalofunga kazini. Halifunguki kwa vidole, msijisumbue.

Mgeni akifika, mfungulieni sufuria mbele yake. Meno mnayo. Asubuhi niliyaona yote.

Mama yenu, jambazi