Kahawa ya Mama Ndani ya Seli

Jumatatu, 3 Machi
Maabara, Bukoba mjini. Mvua tena. Nimezilisha seli kabla mimi mwenyewe sijanywa chai. Ni seli za kinga, zimetoka kwenye damu ya ndugu zangu wa Kagoma, na ninazikuza kwa majimaji ya damu hiyohiyo. Zimekula mafuta hadi zimevimba. Kesho nusu yake zitapata dawa ya kuamsha vipokezi vilivyo ndani ya kiini. Kipokezi kikiamka, seli hujenga milango ya kutolea kolesteroli nje. Nusu nyingine hazipati kitu. Hizo ni za kulinganishia.

Mishipa ya Tata, baba yangu, iliziba kwa seli kama hizi, zilizomeza mafuta zikashindwa kuyatema. Upande wake wa kushoto umepooza.

Alhamisi, 6 Machi
Upuuzi mtupu. Seli zisizopewa dawa zinatema kolesteroli karibu sawa na zilizopewa. Nimepima upya. Vilevile. Msimamizi wangu hakufoka. Afadhali angefoka. Dawa iliyobaki inatosha jaribio moja tu. Likiharibika, sina tasnifu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekagua vyombo, maji, friji. Hakuna kitu. Nimechoka hadi meno yanauma. Chumbani kwangu Buhembe sikupika.

Jumamosi, 8 Machi
Kagoma, nyumbani. Sijakaa vizuri, Mama akanisogezea kikapu cha kahawa ya kutafuna. Nikaganda. Nikamuuliza kama aliwapa ndugu siku ile ya kutoa damu.

“Watu wamekuja kwangu na njaa kwa ajili yako, mwana wange. Niwaache wakae mikono mitupu?”

Niliwaambia wasile wala wasinywe chochote tangu jana yake. Wakatii. Kwetu kutafuna kahawa si kula wala kunywa, ni kukaribishwa. Hakuna aliyenidanganya. Kahawa ina vitu vinavyoweza kuvigusa vipokezi vilevile, na mimi nimezikuza seli ndani ya damu yenye kahawa hiyo. Sina uhakika, ila sina maelezo mengine.

Nimemkasirikia Mama. Kisha nikajikasirikia mwenyewe zaidi. Mhaya mzima, nimesahau kahawa.

Jumapili, 16 Machi
Tumetoa damu upya. Mama alificha kikapu kama nilivyomwomba, akajifungia jikoni kwa aibu. Ndugu wamekaa sebuleni wanatazamana. Baba mdogo akauliza kama kuna ugomvi humu ndani. Nikaeleza mara tatu. Wakaitikia kwa kichwa, hawakuridhika.

Chupa ya mwisho ilipojaa nilikwenda jikoni, nikachukua kikapu na kuwazungushia wote mwenyewe. Nilianza na Baba mdogo. Maongezi yakarudi. Mama hakutoka.

Jumatano, 26 Machi
Zisizopewa dawa zimetulia na mafuta yake. Zilizopewa zimeyatema. Tofauti inaonekana hata kwa macho yangu haya mabovu. Nilidhani nitaruka. Nimekaa tu kwenye stuli.

Jioni nikampigia Mama. Nikamwambia milango imefunguka. Hakuuliza mengi. Aliuliza kama sasa anaruhusiwa kupokea wageni kama watu wengine. Nikasema ndiyo, Mama. Nikaomba radhi.

Kwa Tata haitasaidia kitu. Kilichopooza kimepooza. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, leo limenielemea.

Mama akamwekea Tata simu sikioni. Alikuwa anatafuna kahawa, polepole, upande mmoja. Nikasikiliza mpaka akamaliza.