Miguu Ni Yangu

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima. Goti la mama limepoa, na ameanza tena kugombana na redio. Viatu ulivyoninunulia siku nilipoajiriwa vilitoboka soli. Usisikitike, vimetoboka kazini.

Nimepata ujumbe wako kwamba nimwombe radhi bosi, kwa kuwa wewe ndiye uliyenitafutia kazi kwake. Nakuheshimu, mjomba, lakini simwombi.

Njia ya kebo ya intaneti aliichora ofisini, macho kwenye picha ya setilaiti: mstari mnyoofu katikati ya uwanja mtupu. Mimi niliitembea yote na gurudumu langu la kupimia. Nyuma ya hospitali nikajikwaa kwenye kifuniko cha chuma kilichomezwa na nyasi. Nilipokifunua nikaliona bomba linalopeleka maji wodi ya wazazi. Halimo kwenye ramani yoyote. Nikachora njia ya kulizunguka, mita mia mbili zaidi. Bosi akaichana ramani yangu mbele ya watu.

"Nilikuajiri utie saini, siyo ufanye utalii!"

Kwenye ramani yake pameandikwa: Njia imekaguliwa kwa miguu. Miguu ni yangu, mjomba. Sikusaini. Jana kanifukuza, na mama bado sijamwambia.

Kesho asubuhi mashine inaanza kuchimba. Fundi ameshanishonea soli mpya. Dereva atanikuta nimesimama juu ya kile kifuniko. Ukiongea na huyo bosi rafiki yako, mwambie ndipo nilipo.

Mpwa wako, yule yule mkaidi.